Ingobyi ya Chuma: Injini Mpya, Kilima Kilekile

Wiki iliyopita niliwaacha kilimani, pikipiki imezimika na watu wananizomea. Sijapoa mpaka leo, kwa hiyo mnivumilie.

Kwa aliyechelewa kujiunga: mimi ni Eufrasia, mjane wa fundi pikipiki wa Buzebazeba. Sasa nimerudi kijijini kwetu upande wa Simbo, chini ya kilima ambacho gari halishuki. Mgonjwa wa kwetu hutolewa kwa ingobyi, yaani machela ya miti na kamba, wanaume wanaibeba begani wakipokezana mpaka barabara kuu. Na chama cha ingobyi kimekataa kumbeba binti yangu Esther, mwenye mimba ya kwanza, kwa kosa la kuolewa na mkimbizi.

"Aliyeolewa kambini abebwe na kambi." Ndivyo alivyosema mwenyekiti wao, Mzee Bonaventura, mbele ya kanisa, Esther amesimama palepale na tumbo lake.

Nikaapa nitambeba mwenyewe. Nikachukua pikipiki ya marehemu, nikaichomelea kitanda cha chuma ubavuni chenye tairi lake. Injini yake ya zamani ikafika nusu ya kilima, ikakohoa, ikafa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Cheka wewe. Mtoto si wako.

Kesho yake nilikwenda Ujiji kwa Hamdani. Huyu ana mitumbwi ya dagaa, na mume wangu ndiye aliyekuwa akimtengenezea vyombo vyake vyote. Guta lake la matairi matatu lilikuwa limegongwa na lori, limebaki injini tu, imefunikwa turubai uani.

"Chukua, shemeji," akasema. "Hii ilikuwa inapandisha dagaa kutoka ziwani mwaloni bila kuhema. Ila nakuambia mapema, ukiifunga kwenye vikorokoro vya zamani itavitafuna vyote."

"Najua."

"Najua unajua. Nasema ili nisije nikalaumiwa. Nyie Waha mkikasirika hamsahau."

"Na nyie wa Ujiji mkitoa kitu mnakitangaza mpaka ng'ambo ya ziwa, Kalemie."

Akacheka, akaita vijana wake wakanipakilia. Ndiyo mara ya mwisho mimi kucheka katika sehemu hii ya habari zangu, kwa hiyo ishikeni.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa hasira yangu. Nguvu ya injini haifiki kwenye tairi moja kwa moja. Inapita kwenye klachi, inapita kwenye gia, inatoka kwa sproketi ndogo ya mbele, yaani gurudumu la meno, inavutwa na cheni mpaka sproketi ya nyuma. Sproketi ya nyuma ikiwa kubwa, pikipiki ina nguvu na inakwenda taratibu. Ikiwa ndogo, inakimbia. Ukileta injini kubwa halafu huku nyuma ukaacha mambo ya injini ndogo, umeoa mke wa pili bila kujenga nyumba.

Mdogo wangu Feliksi ndiye dereva. Mimi naendesha, ila kilimani, kitanda kikivuta pembeni, yeye ana mkono wenye nguvu. Tulifunga injini pamoja, tukatengeneza vishikio vipya kwenye fremu, ikakaa.

"Bado nyuma," nikamwambia. "Nitafute sproketi kubwa. Usiiwashe mpaka nirudi."

"Sawa, dada."

Sawa, dada! Mtu akikuitikia haraka hivyo, mfunge kamba.

Nilizunguka Kigoma nzima, sikupata. Narudi, nakuta watu wamejaa njiani. Feliksi alikuwa amekwenda kwa rafiki yake kule Rusimbi mjini, akapata sproketi ya bodaboda, ndogo, ya kukimbilia abiria, akaifunga. Alikuwa amepakia magunia ya mihogo kitandani.

Nilipiga kelele. Hakunisikia, au alijifanya. Akavuta resi, pikipiki ikaruka, ikakipanda kile kilima kama haikioni. Huko juu akapiga honi. Watu wakashangilia, na waliokuwa wakinizomea juzi wakawa wa kwanza kunipa mkono.

Aliposhuka nikamkamata shati.

"Umeweka nini huku nyuma?"

"Dada, imepanda au haijapanda?"

"Imepanda kwa kukimbia. Mgonjwa si mihogo!"

"Watu wanakusifu, wewe unanuna. Hebu pumzika."

Nikamwachia shati. Kweli ilikuwa imepanda. Ukibishana na kitu kilichokwisha kupanda kilima, unaonekana una wivu na mashine yako mwenyewe.

Jioni ile Mzee Bonaventura akaja kwangu kwa miguu yake. Nikamwamkia, nikampa kiti.

"Mama Esther," akasema, "chama kimeona. Mashine iingie kwenye chama, ibebe wagonjwa wote. Na Esther atabebwa kama watoto wengine wa hapa."

Jamani, nililia mbele yake. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Esther alitoka ndani, akapiga goti kumwamkia, na yule mzee akamwekea mkono kichwani. Nililala nikijua mwanangu atafika hospitali, na ile sproketi nikaiacha ilipo.

Haikupita wiki, Mzee Elikana akaanguka kutoka kwenye mchikichi akivuna ngazi, yaani mikungu ya mawese. Paja limevunjika. Filimbi ya chama ikalia, wanaume wakakimbia, tukamlaza kwenye kitanda cha chuma, tukamfunga vizuri. Feliksi akapiga kiki.

Hapa ndipo mtaona mambo ya kwetu.

Ingobyi ina sheria zake. Ikiinuliwa haigusi ardhi wala haisimami njiani mpaka ifike. Na mgonjwa haendi peke yake. Watu wa nyumbani kwake na majirani hutembea kando, wengine wameshika miti ya machela, wanaimba, wanasali, wanamsemesha asikate tamaa. Kumwacha mgonjwa atangulie peke yake ni kumwambia tumeshakuzika.

Feliksi akaingiza gia namba moja, pikipiki ikatoka mbio. Watu wakabaki nyuma. Bonaventura akapaza sauti.

"Weee! Unamkimbizia wapi mgonjwa wetu? Ingobyi haiachi watu!"

Feliksi akapunguza. Lakini kwa ile sproketi, hata gia ya kwanza ilikuwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Ili aende na watembeao, akawa anabana klachi nusu, anaachia, anabana tena, huku anavuta resi ili injini isizime. Kilima kizima namna hiyo. Nilikuwa nyuma, nikasikia harufu ya kuungua.

"Feliksi! Achia klachi yote, ukimbie! Au simama ipoe!"

"Haisimami!" wakanijibu wanaume wote kwa sauti moja.

"Inaungua!"

"Mama, nyamaza, hii ni kazi ya wanaume!"

Injini ikanguruma kwa nguvu zote, na pikipiki ikabaki palepale. Halafu ikaanza kurudi nyuma. Wakaidaka, kitanda kikalala upande, mzee wa watu akalia kwa uchungu. Hapakuwa na namna. Wakamfungua, wakamlaza kwenye majani kando ya njia.

Wimbo ukakatika. Wanawake wakashika vichwa, maana kwetu anayetuliwa njiani ni maiti, na Elikana alikuwa ametuliwa chini akiwa hai. Yeye mwenyewe alisema tu, "Nipeni maji," lakini hakuna aliyetaka kumsikia. Wakaleta ingobyi ya miti, wakambeba begani mpaka barabarani, na nashukuru Mungu paja lake lilitibiwa akapona.

Bonaventura hakwenda nao. Alibaki ameniangalia.

"Imemtua," akasema.

"Mzee, klachi imeungua kwa sababu..."

"Mama yangu alituliwa pale juu, penye mawe. Walichoka, wakasema tupumzike kidogo. Hakuinuka tena. Nilikuwa mtoto, nimeshika upindo wa nguo yake. Wewe unaniambia klachi!"

Hilo lilinikasirisha zaidi. Afadhali mtu mbaya awe mbaya moja kwa moja ujue pa kumpiga.

Jioni chama kikakaa. Mashine isibebe tena mtu yeyote wa kijiji. Na Esther je? Nilikwenda kuuliza mwenyewe, nimesimama mlangoni kama ombaomba.

"Neno letu la mwanzo limerudi," akasema Bonaventura. "Kambi ibebe watu wake."

"Esther amezaliwa hapa! Amebatizwa hapa!"

"Lakini hakuolewa hapa."

Nilirudi nyumbani naongea peke yangu. Nilimkuta Feliksi ameinamia pikipiki. Sikumsalimia. Nikafungua kifuniko cha klachi, nikatoa pleti moja baada ya nyingine, nyeusi tii, zinanuka, nikamwekea miguuni.

"Tazama kazi yako. Nilikwambia usubiri. Nilikwambia sproketi kubwa. Haraka haraka haina baraka, hilo hukufundishwa?"

"Dada, ningefanya nini?"

"Ungekimbia ufike!"

"Nimwache nani nyuma? Mke wake Elikana alikuwa ameshika mguu wa mumewe. Ningekimbia na mguu?"

Mjinga yule alikuwa amesema kweli. Mimi nilikuwa nimeipimia pikipiki mzigo na kilima, nikatafuta sproketi kubwa kwa ajili ya nguvu. Mwendo wa watu wanaotembea kando sikuufikiria hata kidogo, na mimi nimezaliwa na kulelewa kwenye kijiji hichohicho. Hasira ikanirudia mwenyewe, nikaitupa spana ukutani.

Kumbe kazi yetu haikuwa injini ikimbie. Ilitakiwa injini kubwa itembee. Itembee mwendo wa bibi mwenye fimbo, na mgonjwa kitandani, kilima kizima, klachi imeachiwa yote bila kuguswa. Kwa hilo hata sproketi niliyokuwa naitafuta mwanzo ingekuwa ndogo.

Nikaangalia uani. Mashine yangu ya kukamua mawese ilikuwa imesimama pale, na gurudumu lake la meno, pana kuliko sinia la pilau. Nikachukua cheni ya pikipiki, nikailaza juu ya yale meno. Ikakaa.

Esther akatoka ndani anajikokota.

"Mama, hapana. Hiyo ndiyo inatulisha."

"Mawese yatasubiri. Huyo tumboni hasubiri."

"Tutakula nini?"

"Tutakula hasira yangu. Ipo ya kutosha."

Nikaing'oa. Fundi wa kuchomelea akanitobolea matundu ya kuifunga kwenye habu ya tairi la nyuma, cheni nikaiunganisha na ile ya mashine ili ifike. Hamdani nilipompigia simu alinicheka kwanza, halafu akanitumia pleti mpya za klachi na springi ngumu zaidi, kwa mkono wa akina mama wauza dagaa.

Tulipoiwasha, Feliksi akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi yote, akainua mkono wa kushoto juu nione haugusi kitu. Pikipiki ikaanza kutembea. Nikashika ukingo wa kitanda, nikatembea nayo kuzunguka nyumba, napiga soga na Esther niliyemlaza humo kwa majaribio. Tulitembea hivyo tukicheka kama wendawazimu. Samahani, nilisema sikucheka tena. Nilicheka hapo.

Nikamtuma Feliksi kwa mwenyekiti akamwambie aje aone. Feliksi akarudi ameinamisha kichwa.

"Amesema hataki kuiona."

Uchungu ulimshika Esther asubuhi, jua ndiyo linachomoza. Nikatoka nje kumwita Feliksi, nikamkuta tayari mlangoni, ameshika kofia yake mikononi.

"Dada, nisamehe."

"Nini tena?"

"Chama kimeniita. Nikiendesha leo, natolewa. Mke wangu na watoto wangu hawatabebwa tena milele. Dada, nina wanne."

Nilimtazama mdogo wangu niliyembeba mgongoni. Nilitaka kumpiga kofi. Lakini nilimwelewa, na kumwelewa mtu ukiwa na hasira ni adhabu.

"Ondoka mbele yangu," nikamwambia.

Akaondoka. Na njia ileile aliyoondokea, nikamwona mtu anakuja, nguo zimejaa vumbi, viatu mkononi. Alikuwa Calixte, mkwe wangu. Tangu meli ilipomleta kutoka Kagunga, mpakani na Burundi, na wakimbizi wenzake akapelekwa kambini, kutoka nje ilikuwa mpaka awe na kibali.

"Calixte! Umepewa kibali?"

"Sikupewa, mabukwe," akasema, yaani mama mkwe kwa Kirundi. "Nilisikia siku zimekaribia, nikatoka hivyohivyo. Atabebwa na nani?"

"Na mimi. Na wewe sasa."

Hakuuliza zaidi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani hovyo, lakini asubuhi ile adabu tuliiweka kando. Tulimwinua Esther pamoja, tukamlaza. Nikapanda, nikapiga kiki, nikaachia klachi.

Tukapita katikati ya kijiji mwendo wa mtu. Nilikuwa nimeharibu mashine inayonilisha ili pikipiki isimwache mtembeaji hata mmoja nyuma. Na watembeaji hawakuja. Milango ilikuwa imefungwa, moshi unatoka jikoni, watu wako macho. Nyumba ambazo nimebeba maji ya misiba yao! Wanawake ambao nimewapokelea watoto kwa mikono hii! Aliyetembea kando ya kitanda alikuwa mmoja tu, Calixte, na alikuwa anamsemesha mkewe Kirundi kwa sauti ya chini, akimwambia ajikaze.

"Komera, mugore wanje. Komera."

Nilitukana milango yote. Kwa sauti. Sitaandika nilichosema kwa sababu gazeti hili linasomwa na watoto.

Tukaanza kilima. Injini ikashika, haikupanda sauti, haikuhema, gurudumu la mawese linazunguka polepole na cheni inalia taratibu. Tulipita pale Elikana alipolazwa. Tulipokaribia yale mawe ya juu, nikawaona.

Wanaume wa chama walikuwa wamesimama kuziba njia yote. Begani wana ingobyi ya miti, wametandika na blanketi. Mbele yao Bonaventura na fimbo yake.

"Zima mashine, mama Esther," akasema. "Tumekuja kumbeba."

Mkono ulikwenda kwenye klachi wenyewe. Nilitaka kusema asante, Mungu ni shahidi.

"Ila huyo," akamnyooshea Calixte fimbo, "aachie kitanda, arudi alikotoka. Na wewe useme hapa, mbele ya wanaume hawa, kwamba mtoto atakayezaliwa ni wa nyumba yako na hana baba."

Mkono ukaondoka kwenye klachi. Pikipiki haikuwa imesimama hata kidogo.

"Rudia, mzee?"

"Umenisikia."

"Mama, usiseme," Esther akalia kutoka kitandani. "Usiseme hilo neno!"

Calixte akainamisha kichwa. "Mabukwe, sema. Bora afike. Mimi nitarudi."

"Wewe nyamaza!" nikamfokea. Nikamgeukia yule mzee. "Mgeni njoo mwenyeji apone, si ndivyo mnavyosema mkitaka kusaidiwa? Huyu alipokuja hapa kutafuta kibarua mlimpa jembe siku ya kwanza, hamkungoja hata ya tatu. Mihogo aliyolima mmeila. Leo hana hata mtoto wake mwenyewe? Pisha njia!"

"Sipishi."

"Mzee Bonaventura, nakuheshimu. Pisha!"

"Hutanipita na hiyo mashine hapa. Hapa alipolala mama yangu, hupiti."

Na kweli hakusogea. Aliichomeka fimbo chini, akasimama. Nami sikugusa klachi wala breki. Pikipiki ilikuwa inatembea mwendo wa mtu, kama nilivyoitengeneza, na nafasi kati yetu inapungua. Wale wenye ingobyi walikuwa wanarudi nyuma hatua kwa hatua, yeye yuko palepale. Niliona vizuri mishipa ya shingo yake. Nilikuwa na hasira ya miezi yote ile kwenye mikono, na naapa sikuwa na nia ya kusimama.

Hapo Calixte akaachia kitanda. Akakimbia mbele, akaingia kati ya tairi langu na yule mzee, akampa Bonaventura mgongo, akaninyooshea mimi mikono.

"Mabukwe, hapana! Ni mzee!"

Nilibana breki kwa nguvu zangu zote. Tairi la mbele liligusa magoti ya Calixte. Injini ikazima pale penye mawe, wanaume wote wametumbua macho, Bonaventura amemshika mkwe wangu mabega ili asianguke.

Na hapo Esther akapiga ukelele ambao nami niliwahi kuupiga, siku niliyomzaa yeye. Nikageuka nikaona anavyoshika vyuma vya kitanda, nikajua mtoto hatangoja tufike barabarani.